Nani Aliyaangalia Mayai ya Nyanya

Nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kusema mayai ni mangapi. Hata nikiulizwa na Baba, niliambiwa niseme "yapo" na ninyamaze. Tulikaa Sparkhill, Birmingham, nyumba nyembamba iliyoshikana na za majirani, na kwenye meza ya jikoni, kando ya birika la umeme, kulikuwa na mashine ya kuangulia mayai. Baba alimnunulia Nyanya, kwa sababu tangu alipoletwa kutoka Mombasa Nyanya alikuwa akilalamika kwamba kuku wa dukani huku ni kama kutafuna pamba. Mayai tulipewa na mzee mmoja wa Northfield, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake na anayeongea Kiswahili vizuri kuliko mimi.

Nayaandika haya kwa haraka kwa sababu mwanangu amelala na hatalala sana. Wenzake wanatembea, yeye bado, na nyumbani kwangu maneno yameanza, ya nani alimbeba, nani alimtazama vipi. Ndiyo maana ile mashine imenirudia kichwani.

Nyanya aliisimamia kama mtu. Juu ya kifuniko aliweka kipande cha makaa na msumari wa chuma, kinga ya ngurumo, kwani yeye alilelewa akijua kwamba radi ikilia mayai yanaharibika humohumo ndani ya ganda. Baba akiviondoa asubuhi, jioni vimerudi.

"Mama, hii ni mashine, si kuku."

"Na ndani mna nini, matofali?"

Wakati huo tulikuwa tunaishi na Anti Saumu, mke wa binamu yake Baba. Alikuwa na mimba kubwa, mumewe bado yuko Nairobi akisubiri karatasi zake, na hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwetu. Alilala chumba kimoja na mimi, akanisuka, akanichekesha. Siku moja aliinama kwenye kidirisha cha mashine, mkono kiunoni, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtu anayehesabu sahani. Nyanya aliingia. Hakusema kitu. Alichukua taulo akafunika kidirisha, na mimi nikajua kuna kitu kimetokea, kwa sababu Nyanya akikasirika husema, akiogopa ndipo hunyamaza.

Basi siku ya vifaranga ikafika, ikapita. Hakuna hata ganda moja lililopasuka. Baba akampigia simu mzee wa Northfield, sauti ikasikika jikoni kote.

"Umegeuza mayai?"

"Nimegeuza."

"Maji chini mnatia?"

"Tunatia."

"Joto je?"

Baba alikuwa ameshatia kipimajoto cha pili, na vyote viwili vilisema kitu kimoja. Mzee akauliza kama tunafungua kifuniko hovyo, Baba akasema hapana. Akatuambia tumulike kwa tochi. Tulizima taa, Baba akashika yai kwenye mwanga, tukaona weusi na mishipa, na kitu kikatikisika kidogo. Yalikuwa hai, ila yamechelewa, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Mimi najua," Nyanya akasema. "Mwenye mimba hatazami mayai yaliyoatamiwa, na hayahesabu. Yanamngoja yeye. Na yeye akae hapa mpaka lini, mpaka na kitoto chake kiingie kitanda kimoja na huyu?" Huyu ni mimi. "Atafutiwe pahali pengine."

Baba alibisha siku nzima. Mwishowe akasema yuko rafiki yake Sutton Coldfield mwenye chumba. Alisema huku anaangalia sakafu. Hata mimi niliyempenda nilianza kumchunguza Anti Saumu. Akitazama chai yangu, siinywi. Akinishika nywele, nasema nimeshasukwa. Alijua. Alikunja nguo zake taratibu.

Siku ya kuondoka kulikuwa na joto ambalo Birmingham hailijui, na mchana mbingu ikaanza kunguruma. Nyanya akanyanyuka alipokuwa ameketi, na kwa mwendo ambao sikujua miguu yake bado inao akafunika kioo cha ukumbini kwa leso, akachomoa plagi ya runinga, ya friji, ya birika, akatuamuru tukae chini tusishike chuma. Nilishaona hivyo mara nyingi msimu ule, nikaona ni kawaida. Nyumbani Mombasa kila mtu hufanya.

Anti Saumu alikuwa ameshuka na begi lake. Akakaa ngazi ya chini, akatazama jikoni. Taa ndogo nyekundu ya mashine ilikuwa imezimika.

"Mama," akasema polepole, "na ya mayai pia umechomoa?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Radi si inaua mayai? Hukufunzwa kwenu?"

"Kila ikinguruma?"

"Kila ikinguruma. Ikinyamaza nachomeka, nikikumbuka. Hata kuku hutoka kiotani akatafute chakula."

Baba alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Alikwenda akaweka kiganja juu ya kifuniko, kando ya makaa na msumari, akakiacha hapo muda mrefu. Akaniambia, "Rudisha begi la Anti yako juu." Nikalibeba, zito kuliko mimi, na sikumwachia mtu anisaidie.

Mzee wa Northfield alisema mayai yakipoa hupoa na wakati wake, yaani huchelewa, tusiyatupe. Baadaye machache yakadonolewa kutoka ndani, vifaranga vikatoka vimelowa, vimechoka. Mengi yalikuwa viza. Nyanya alisimama juu yake akasema, "Si niliwaambia radi itayaharibu?" Na kweli alituambia. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo, ila ile leso ya kwenye kioo aliikunja akaiweka kitandani kwa Anti Saumu, na ndiyo aliyombebea mtoto wake.

Nyanya amekufa akiamini kwamba yale viza yaliharibiwa na radi, na kuhesabiwa pia. Mimi sijui. Wangu akikohoa tu naogopa kila kitu.

Mama mkwe wangu anasema ni jicho la Anti Saumu, kwa sababu mara ya mwisho alimnyanyua mtoto akasema, "Mzito huyu, atatembea lini?" Wiki nzima nimeacha simu ya Anti ilie. Wakati huohuo mtoto hashuki mgongoni mwangu wala kwenye kiti chake, simweki chini, naogopa ataanguka, naogopa baridi ya sakafu, naogopa watu. Juzi nikiwa nimembeba nikiosha vyombo kwa mkono mmoja nilijiona kwenye kioo cha dirisha, nikasimama: miguu yake iligusa sakafu lini mara ya mwisho? Nikapiga simu kliniki, nikapewa siku.

Leo Anti Saumu alibisha hodi bila kuniambia anakuja. Nilifungua. Akanyoosha mikono, nami nikampa mtoto. Nilimtazama macho muda wote, sitasema uongo. Kisha akakunja magoti, akamsimamisha sakafuni, akaachia mkono mmoja.