Mbuzi Wangu Wawili Shambani kwa Papa Neema

Admin, jina langu lisionekane, wala kaunti lilipo shamba usiitaje. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Nakuru, mjane, ninaishi Bowie. Kazi yangu ni uandishi wa habari katika gazeti dogo la huku Maryland, Marekani. Nimezoea kuandika ya wengine, kwa hiyo mtanivumilia nikieleza yangu kikavu.

Kanisani kwetu kuna mzee wa Kikongo tunayemwita Papa Neema, yaani Baba Neema. Aliacha kazi ya kuhudumia wazee Temple Hills, akanunua shamba mwendo wa saa mbili kwa gari, akaanza kufuga mbuzi. Sisi tukafanya kama nyumbani. Ukinunua mbuzi wa harusi au wa Pasaka, unamweka kwake, anamlisha, na akizaa, mtoto mmoja anabaki zizini kwake. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Mimi niliweka wawili, wa harusi ya binti yangu.

Korona ikaja. Kanisa likafungwa, harusi zikaahirishwa, mbuzi wakawa wanakula tu. Serikali ikatoa fedha za kuwafidia wakulima na wafugaji, kwa idadi ya mifugo ya kila mmoja. Papa Neema aliomba, akalipwa, akanunua nyasi kavu. Makanisa yalipofunguliwa, aliturudishia wanyama wetu wamenona, bila kudai hata senti. Wangu tuliwala harusini.

Mwezi uliopita mhariri alinituma kwenye kaunti hiyo niandike jinsi fedha zile zilivyowasaidia wafugaji. Majina ya waliolipwa yako wazi kwa kila mtu, na lake lilikuwamo. Nilifurahi kwamba nitaandika habari ya mtu wetu.

Niliweka kinasa sauti mezani kwake. Akanitania kwamba mmoja wa mbuzi wangu alikuwa mkaidi kama mimi, alikuwa anasukuma lango mpaka linafunguka. Nikamwuliza aliomba malipo ya mbuzi wepi.

"Yote, dada. Yangu, yako, ya kwaya. Nani alikuwa anailisha? Si miye?"

Kwao Kivu, na hata kwetu, anayechunga ndiye anayejibu kwa niaba ya zizi zima. Kwa sheria ya hapa, fedha zilikuwa za mwenye mifugo. Nilijua hilo kabla hajamaliza kusema. Sikuzima kinasa. Nilimaliza chai, nikamshukuru mkewe, nikaendesha mpaka nyumbani, nikapika, nikala, nikaosha vyombo.

Kesho yake nilimpigia, nikamweleza kwamba habari hiyo ikitoka huenda akadaiwa fedha zile, nazo zilishaliwa na mbuzi. Hana kitu cha kuuza ila shamba. Nikasikia mbuzi nyuma yake.

"Watu ya kanisa wote wamekubali kusema walinipa mbuzi yao," akasema, kwa sauti ile ile. Kumbe alishawazungukia kabla sijampigia. "Unabaki wewe. Sema ulinipa zile mbili."

Nikamwambia nitafikiri.

Binti yangu nilimweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nijitoe, habari hiyo apewe mwandishi mwingine. Lakini nikijitoa mhariri atauliza sababu, na sababu ndiyo habari yenyewe.

Silii. Ninalala vizuri, na hilo linanishangaza kidogo. Jumapili tulikaa benchi moja na Papa Neema. Wakati wa kusalimiana alinipa mkono kama siku zote, akauliza hali ya binti, hakugusia jambo lingine.

Habari inatakiwa Ijumaa. Nimeshaandika kuhusu wafugaji wengine wote, imebaki aya yake. Kinasa kiko kwenye droo ya jikoni. Ninyi mliowahi kuweka mnyama kwa mtu, nielekezeni: kwenye aya hiyo niandike mbuzi wale walikuwa wa nani?