Lenzi Niliyomchagulia Bosi

Leo nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe, hapa ofisini Homa Bay.

Bosi aliweka mezani lenzi tatu za kunasa eneo pana, za kamera yake ya kulenga kwa mkono. "Omera, ndugu yangu, wewe umesoma. Nichagulie."

Ya zamani inalainisha nyuso. Mpya inaonyesha kila kunyanzi. Nikachagua ya katikati: laini kiasi, lakini kila mtu anaonekana wazi.

Akafurahi. "Basi Jumamosi utapiga picha mazishi ya mama yangu, kule kijijini Rangwe. Ukoo mzima kando ya jeneza."

Jamani, mambo ya lenzi niliyasoma mtandaoni tu! Kamera hiyo sijawahi kuishika.

Kabla sijasema, akapiga simu: "Yule mpiga picha wa Migori asije. Tumepata wetu."

Mama huzikwa mara moja tu. Ningemwambiaje?