Kabati Lililokataa Kuzunguka

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuogopa kiboksi kimoja. Nilipounda mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta yangu ya kuandikia programu, niliulizwa kama iruhusiwe kutumia kadi ya picha, kifaa kinachochora picha za skrini. Niliogopa kuharibu, nikakiacha kiboksi bila tiki. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe, na nisichokielewa nilikuwa sikigusi.

Kwa hiyo kabati nililomchorea fundi seremala wa Mbeya ndani ya mashine hiyo lilizunguka kwenye skrini kwa kushtukashtuka. Niliandika programu upya mara tatu, na nakiri, mara ya tatu nililia. Bila kadi ya picha, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilibeba mzigo wote na kompyuta ikachemka. Dada yangu peke yake ndiye aliyefurahi. Julai ya hapa kwetu Nyololo ina baridi kali, akawa anakuja kupasha mikono kwenye kompyuta.

Asubuhi ambayo fundi angeshuka kwenye basi kuja kuamua kama anipe kazi, nilizima mashine pepe, nikaweka tiki kwa kukosa njia nyingine, nikawasha. Kabati likazunguka laini kabisa! Nilirukaruka mpaka kigoda kikaanguka.

Dada akaigusa kompyuta. "We kaka, mbona imepoa? Umeniulia jiko langu!"

Fundi alipofika alilizungusha kabati, akafungua na kufunga milango yake, chai ikapoa mbele yake. "Sasa dogo," akasema, "nichoree na kitanda."

Siku hizi nisichokielewa nakijaribu kwanza, na dada anaota moto jikoni.