Harlan Anyanyua Nyumba

Tairi la nyuma lilipasuka walipokuwa wamekaribia mji wa jangwani wa Quartzsite, na Verlene akajua siku imeharibika hata kabla nyumba yao ya magurudumu haijasimama. Si kwa sababu ya pancha. Pancha ni pancha. Tatizo ni ule mluzi. Mumewe Harlan akianza kupiga mluzi, ujue keshaamua jambo, na hapo hata umlilie hakusikii.

Mluzi huohuo aliupiga siku alipouza nyumba yao ya Nebraska, ile alimozaliwa Verlene. Hakuulizwa. Aliwekewa kalamu mkononi, mnunuzi ameshaketi sebuleni. Ungesema nini mbele ya mgeni? Akasaini, akameza mate machungu. Tangu hapo nyumba yao ni hii yenye magurudumu: kitanda humo, jiko humo, sahani za mama yake humo. Nje ya mabati yale hawakuwa na hata pa kutundika koti.

Verlene akampigia simu fundi.

"Nakuja, mama," fundi akasema. "Ila mwambie mzee asiinyanyue kwa ile miguu ya chuma ili abadili tairi. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu. Nyuma ikipanda, hamna kinachoizuia. Itawaondokea."

Miguu yenyewe iko chini ya kila nyumba ya aina hiyo. Jioni, mkifika kambini, mnabonyeza kitufe, inashuka, nyumba inakaa sawasawa, mayai hayatelezi kwenye kikaango. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini mwanamume aliyebonyeza kitufe kila jioni bila madhara huanza kukiamini kuliko mkewe.

"Fundi anasema usiinyanyue," Verlene alimwambia.

"Nimetengeneza matrekta huyo hajazaliwa."

"Basi angalau tuweke mawe mbele ya magurudumu. Barabara inateremka hapa, Harlan."

"Mawe! Bibi wee, hii nyumba au mbuzi, tuifunge isitoroke?"

"Ni nyumba. Ndiyo maana nakuomba."

Akacheka, kichwa maji yule, akapanda ndani kubonyeza kitufe. Kisha akashuka na spana yake, mluzi mdomoni. Nyuma ilinyanyuka taratibu, magurudumu yakaning'inia hewani. Akamgeukia mkewe na kukunjua uso kwa ushindi.

"Umeona? Kelele zote za nini sasa?"

Hakuwahi kujibiwa. Miguu ilijikunja kwa kishindo, nyumba ikaanza kwenda. Harlan akaikimbilia, akaushika mpini wa mlango, akavutwa, mzee wa watu, viatu vikiburuzika kwenye kokoto.

"Achia!" Verlene akapiga ukelele. "Achia, utakufa!"

Akaachia. Nyumba ikaendelea peke yake, ikatumbukia kwenye korongo kavu, ikalala ubavu. Sahani zikasikika zikivunjika, kabati baada ya kabati. Halafu harufu ya gesi ikawafikia, na hawakuthubutu hata kusogea kuokoa shuka.

Walikaa chini kwenye mchanga. Harlan viganja vilikuwa vimechunika, na Verlene hakuvifuta.

"Nakuchukia," alimwambia, kwa sauti ileile ya kumwitia chai. "Si kwa hili tu. Tangu ile kalamu."

Harlan alipuliza viganja vyake. Mluzi wote ulikuwa umemwisha.

Fundi alifika, akateremka korongoni na kufunga mtungi wa gesi. Akaizunguka nyumba, akachungulia chini yake. Alipopanda alivua kofia.

"Imevunjika mgongo," alisema. "Hii haitembei tena, wala hailaliki. Samahani, mama. Ingieni garini, nitawapeleka mnakotaka."

Walijibana watatu kwenye kiti cha mbele. Fundi akawasha gari, akangoja. Harlan akamgeukia mkewe.

"Verlene," alisema, "wewe unaonaje? Twende wapi?"

Unaonaje. Neno hilo alikuwa amelingoja tangu yu bi harusi. Alilingoja jikoni, alilingoja mbele ya mnunuzi, alilingoja mpaka akaacha kulingoja. Sasa limekuja, na wanaume wawili wamenyamaza wamsikilize yeye. Akafikiri kwa kweli, kwa maana alitaka kujibu. Hakupata hata mahali pamoja pa kutaja.