Makosa Manne ya Trakta ya Onema

Mfikirie anakuja. Ni saa mbili ya asubuhi, vumbi la barabara ya Mikelenge bado limelala kwa umande, na kabla hujamwona utamsikia: tuku-tuku-tuku, kama kifua cha mzee anayekohoa kila siku na hafi. Kisha utaona moshi. Kisha yeye mwenyewe, juu kabisa, koti jeusi la Jumapili limevaliwa juu ya kaptula ya kazi, mgongo wima, mikono miwili kwenye usukani. Kuku wanakimbia. Wanawake wanaokwenda sokoni wanasimama na mizigo yao kichwani. Na badala ya kumwamkia, watu wanamwulizia bwana wake kwa neno moja tu, kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho:

"E baba! Patron wako iko wapi?"

Hajibu. Mara ya kwanza alijibu, "Hii ni yangu," wakacheka. Tangu hapo ameamua kutazama mbele.

Huyo ndiye Ferdinand Onema. Mwaka ule wa 1956, Wabelgiji bado wakitawala Kongo, alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza kwenye shamba la mpunga na michikichi la muzungu mmoja, kusini ya Kindu. Aliingia kama mkata majani. Akawa mwosha mashini, akawa dereva, akawa fundi, ijapokuwa kitabu chake cha kazi kiliendelea kumwandika mkata majani mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa fundi hulipwa zaidi. Siku hiyo ya mwisho bwana wake alifunga masanduku, akampa mkono, akampa na barua: kwa utumishi mwema wa miaka kumi na tisa, Ferdinand achukue trakta. Pensheni hakuna. Nyumba hakuna. Trakta yenyewe, bwana alikwisha kuitupa kwenye majani miaka mitatu nyuma, akisema imekufa. Aliyeifufua alikuwa Onema, kwa saa zake za jioni, kwa vyuma alivyookota. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, ndugu zangu: alipewa zawadi kitu ambacho asingekifufua yeye mwenyewe kisingekuwapo.

Nami nikiandika haya natulia kwanza, nipumue.

Shamba likapewa wengine. Wafanyakazi wa zamani wakaambiwa watoke kambini. Onema na mke wake, Émilienne, wakahamia Mikelenge kwenye kiwanja kidogo walichoachiwa na wazazi wa Émilienne. Nyumba ya majani, na majani yenyewe yamechoka. Mvua ikianza nje, ndani inaendelea. Kiwanja ni chembamba hata trakta haiwezi kugeuka: inaingia kwa mbele, inatoka kwa nyuma. Mtu asiye na shamba afanye nini na trakta? Wakakubaliana iuzwe, na bei yake iezeke nyumba mabati. Hilo halikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja kwenye namna ya kuuza.

Asubuhi ile ya koti jeusi, Onema aliipeleka mtaa wa Kasuku, mbele ya duka la Monsieur Louis, mfanyabiashara muzungu aliyekuwa akinunua mpunga wa watu na kuukoboa. Monsieur Louis alitoka barazani na kikombe mkononi. Nyuma yake alisimama karani wake, Célestin, mwenye penseli sikioni.

"Ni ya nani?" akauliza Monsieur Louis.

"Yangu, Bwana." Onema akatoa barua.

Muzungu akaisoma mara mbili, akaigeuza kutazama mgongo wake, kana kwamba huko ndiko kulikoandikwa ukweli. "Haya, kijana. Sema. Iko namna gani?"

Kijana. Onema alikuwa na wajukuu watatu. Lakini alimeza, kwa sababu alikuja kuuza, na kuuza kuna adabu yake.

Hapa lazima niwaeleze adabu yenyewe. Kijijini alikozaliwa Onema, mtu akiuza kitu kikubwa, mbuzi wa kuzaa, mtumbwi, bunduki ya kuwindia, yeye mwenye kitu ndiye anayetangulia kusema makosa yake. Yote, mbele ya watu, bila kuficha. Akimaliza, ananyamaza. Hapo mnunuzi anapaswa kusimama na kusema mazuri ya kitu hicho, moja moja, kwa haki. Muuzaji analaumu, mnunuzi anasifu, na bei inazaliwa katikati. Kwa hiyo hakuna anayerudi baada ya mwezi kusema ulinidanganya. Mbuzi aliyeuzwa namna hiyo harudishwi.

Basi Onema akavua kofia, akasema. "Iko na makosa manne. Breki ya kushoto imekwisha. Oli inavuja kidogo, chini ya sanduku la gia. Mupira wa nyuma, ule wa kuume, nimeushona na waya. Na asubuhi haiwaki na mafuta ya taa. Lazima uipe kwanza esanse kidogo, petroli ile, ipate moto, halafu njo unaifungulia mafuta ya taa. Ukiigeuza kabla haijapata moto, inakufa."

Penseli ya Célestin ilikuwa imeshuka kutoka sikioni. Muzungu alimwambia aandike, naye akaandika.

"Iko kosa ingine?"

"Hapana. Njo hayo," yaani ndiyo hayo.

Onema akanyamaza. Akangoja. Aliitazama midomo ya Monsieur Louis kama mtu anayengoja kuitikiwa salamu.

Monsieur Louis akanywa kahawa yake. Akachukua karatasi kwa karani, akaisoma kwa sauti: breki, oli, mpira, kuwaka. "Basi weye mwenyewe umesema. Hii si trakta tena, ni chuma. Nitakupa bei ya chuma. Ingini nitaiweka ku mashini yangu ya kukoboa mupunga, magurudumu nitafanya mukokoteni. Ingine nitatupa."

"Bwana, bado. Sasa weye useme."

"Niseme nini?"

"Mazuri yake."

Muzungu akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mazuri! Célestin, unasikia? Miye nisifu kitu ninachotaka kununua? Hata ku Wazungu wajinga hatufanye hivyo!"

Waliokuwa barazani nao wakacheka. Célestin hakucheka. Akainama kwenye mizani ya mpunga, akaanza kuifuta vumbi ambalo halikuwapo. Na Célestin, ndugu zangu, alikuwa mtu wa upande uleule alikozaliwa Onema. Baba yake aliuza mitumbwi. Alijua vizuri kabisa Onema alikuwa akingoja nini, na alijua alichokuwa akiandika.

Onema alivaa kofia yake. Akawasha trakta. Ingini ilikuwa bado na moto, ikaitika mara moja. Akarudi nyumbani bila kuona njia.

Émilienne alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alisikia habari yote bila kuacha mchi, na kila neno la mumewe mchi ulishuka kwa nguvu zaidi.

"Baba Claire," akasema mwishowe, akimwita kwa jina la binti yao, "muzungu alikuwa mikono mitupu. Njo weye umeenda kumukatia fimbo, ukaichonga, ukamupa: shika, nipige nayo."

"Nimesema kweli."

"Kweli! Kweli inasemwa ku padri! Ku magazini, ku duka, unasema bei!"

"Miye si mwizi, mama Claire."

"Nani alikuita mwizi? Miye nakuita mujinga." Kisha akaona uso wa mumewe, akapunguza sauti. "Mvua ya kwanza iko karibu. Miye sitaki sifa. Nataka mabati."

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado juu ya michikichi, akaja Matata. Mwungwana wa Mikelenge, Mwislamu, kofia nyeupe, ndevu za heshima, mlimaji wa mpunga tangu ujana wake; na pamoja naye wenzake sita wenye mashamba kando ya mto Lualaba. Habari ilikwisha kuwafikia. Kasuku hapakauki maneno.

"Kaka Onema," akasema Matata, "tumesikia umesema makosa na hukujibiwa. Utusemee na sisi."

Onema akasema tena, manne yaleyale, lakini safari hii sauti yake ilikuwa kavu. Akanyamaza.

Matata akainuka. Hakusoma popote. "Mwaka ule wa mvua kubwa, mbegu zetu zilikuwa zinaoza ku gunia, na mikono haikutosha. Weye ulikuja na mashini hii siku ya Jumapili, bila patron kujua, ukatulimia bonde nzima. Haikusimama hata mara moja."

Wa pili akasema ilivuta lori lenye mpunga wake kutoka topeni, njia ya Kibombo, wakati vijana ishirini wenye kamba walishindwa. Wa tatu akasema inakula mafuta kidogo kuliko anavyokula yeye chakula akitoka kulima kwa jembe, watu wakacheka, hata Émilienne. Wa nne aligusa plau, jembe la nyuma ya trakta, akasema chuma chake ni cha zamani, hakipindi kwenye mizizi. Wakasema wote saba.

Onema aligeuza uso, akajidai anatazama mpira wenye waya.

Lakini mkononi walikuwa na nini? Kitangulizi kidogo, malipo ya kwanza tu, hata kwa mabati matano hakitoshi. Kilichobaki wangelipa kwa mpunga, mavuno matatu, na Onema awafundishe namna ya kuitunza. Émilienne aliacha kucheka. "Shemeji Matata, nakuheshimu. Lakini mavuno matatu? Nizeeke ndani ya maji?" Onema akaomba siku mbili za kufikiri.

Siku ya pili, gari la Monsieur Louis likasimama mbele ya kiwanja, Célestin kando yake. Fundi wake alikuwa amemwambia: asubuhi ile nilisikia ingini ikiondoka, Bwana, ile si chuma, inaimba. Kwa hiyo alikuja na bahasha nene, mara tatu ya bei yake ya kwanza: bei ya mabati, na misumari, na seremala. Majirani wakajaa kwenye ua. Matata pia alikuwapo, amesimama pembeni na kofia yake mkononi.

Monsieur Louis akatoa karatasi. "Karani wangu amenielezea desturi yenu. Basi nasema." Akasoma, kidole kikifuata mstari: "Ingini yake iko safi. Haikufa njiani hata mara moja. Nguvu yake ni ya ng'ombe kumi. Mutu aliyeitunza ni fundi wa kweli." Akakunja karatasi, akatabasamu. "Iko vizuri, Ferdinand?"

Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma Onema kuliko kicheko cha siku ile. Akamwacha muzungu, akamgeukia Célestin.

"Njo weye uliandika?"

"Ndiyo, baba."

"Siku ile uliandika makosa. Kinywa chako kilikuwa wapi?"

"Baba, niko na kazi, niko na watoto..."

"Na miye nilikuwa na kazi! Miaka kumi na tisa!" Sauti yake ilipanda mpaka watoto wakarudi nyuma. "Nilirudishia hii mashini roho, na ku kitabu changu waliandika nakata majani! Nikanyamaza. Wamenitoa ku kambi kama mbwa, nikanyamaza. Nimesimama ku baraza yenu na kofia mkononi, nimesema ukweli wangu wote, mukacheka! Sasa munaniletea sifa ku karatasi. Sifa inasemwa na mutu mwenye kuona. Huyu aliona nini? Aliona wapi?" Akamtazama Monsieur Louis machoni, jambo ambalo mwaka ule mtu angeweza kulilalia kizuizini. "Na ukishainunua, Bwana, utaikata?"

"Nitaikata, ndiyo. Itakuwa yangu."

"Basi beba bahasha yako."

Bahasha ilikuwa juu ya kinu, na mkono wa Émilienne ulikuwa umekwisha kuwa juu yake. Wakatazamana, mume na mke, mbele ya watu wote. Halafu Émilienne akaondoa mkono, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani.

Monsieur Louis akaondoka akisema maneno ya Kifaransa ambayo sitayaandika. Onema akamwita Matata, akampandisha juu ya kiti cha chuma, akamwonyesha mahali pa esanse na mahali pa mafuta ya taa. Mara mbili aliangusha kifuniko.

Trakta ililima Mikelenge mwaka ule na uliofuata. Mavuno ya kwanza Matata alileta mpunga wote alioahidi, na gunia moja juu. Ya pili yalipigwa na mafuriko, yakaja nusu; ya tatu bado yanangojwa. Nyumba bado ni ya majani. Mvua ikinyesha, Émilienne anasogeza masufuria chini ya matundu, na kila sufuria anapoiweka anamwuliza mumewe neno lilelile, bila kelele sasa: "Baba Claire, muzungu yule angesema sifa siku ya kwanza, ungemuuzia akate, ao hapana?"

Onema anawasha tumbako yake. Nimewahi kukaa nao siku ya mvua, nikaulizwa mimi, nikainuka kusogeza sufuria. Je, wewe unayesoma ukiwa mahali pakavu, ungemjibu nini mwanamke huyu?