Bingwa wa Vitambi wa Woolwich

Mume wangu Telesphor alikuwa bingwa wa vitambi wa Woolwich miaka mitatu mfululizo. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi. Mimi nilishacheka zamani, na nilichobaki nacho ni hasira.

Shindano lenyewe ni la Kailash. Huyu ni Mhindi wa Mwanza, amezaliwa Kirumba, na ana baa yake karibu na soko la Woolwich. Anauza bia za kutoka nyumbani Tanzania, ndizi za kuchoma, na kiti moto, nyama ya nguruwe ambayo yeye mwenyewe haigusi. Miaka sita iliyopita alimwona mteja wake mmoja, baba mzima, akikataa kuvua fulana kwenye bwawa la kuogelea mbele ya watoto wake, kwa kuwa ana matiti na tumbo. Kailash alifoka wiki nzima. "Wanawake wanapandishwa jukwaani na kupimwa kama ng'ombe wa mnada, hakuna anayeona ajabu," alisema. "Mwanaume akiguswa mwili anakimbia. Sasa mtavua ninyi, na wanawake watatoa maksi."

Ndivyo lilivyoanza. Kila Agosti, Jumatatu ya sikukuu, saa tisa alasiri, wanaume wanapita jukwaani na bukta tu. Majaji ni wanawake watatu. Mshindani anatembea, anageuka, kisha anaketi na kuwekewa chupa ya bia juu ya tumbo. Ikidondoka, ametoka. Mshindi anavishwa mkanda wa ubingwa. Siwezi kusema uongo, lilikuwa jambo zuri. Nimeona watu wazima waliojificha ndani ya makoti miaka nenda rudi wakivua, wana matiti, wana michirizi, wana makovu ya upasuaji, na ukumbi unawapigia vigelegele. Mwaka wa kwanza aliposhinda, Telesphor alishika maiki akasema shuleni walikuwa wakimwita mjamzito. "Basi leo nimejifungua mkanda," alisema, na mimi nilicheka mpaka nikatoka nje.

Tatizo ni watu wetu. Kitu cha kuchekesha tukakigeuza cheti. Telesphor alikuja London mwaka 2007 kutoka Bukoba kusomea uhasibu, ada ikamshinda, akabeba boksi, vibarua vya mikono, kama wengine wote. Sasa ni mlinzi wa jengo la ofisi, saa kumi na mbili kwa siku ameketi mbele ya skrini akiangalia milango ya watu. Kitambi chake kilitokana na kile kiti. Lakini mama yake alikuwa akizungusha picha ya mkanda kwa majirani, "Ulaya imemkubali mwanangu," na mimi kanisani nilikuwa nasifiwa kwamba najua kutunza mume. Nilizipokea sifa hizo, sikatai. Zilikuwa tamu.

Septemba mwaka jana, wiki chache baada ya kuvishwa mkanda wa tatu, daktari alimwambia ana kisukari. Alimweleza bila kupindisha kwamba asipopunguza uzito atapoteza vitu: macho, figo, miguu. Telesphor alirudi nyumbani akakaa sebuleni na koti lake. Neno lake la kwanza halikuwa "naumwa" wala "naogopa." Lilikuwa, "Usimwambie mtu."

Nikaitunza siri. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nimeosha vidonda vya sukari kwa mikono yangu, najua vinavyonuka. Nikamwekea mizani jikoni. Nikampimia ugali, ndizi nikazipunguza, soda nikamwaga kwenye sinki huku anaangalia. Akawa anatembea kutoka kwetu Plumstead mpaka kituoni, mvua, baridi, vyovyote. Mpaka Juni alikuwa amepungua kilo ishirini na sita na sukari imeshuka hadi daktari akampa mkono. Ningekuwa na mkanda, siku ile ndiyo ningemvisha.

Kwetu mtu akikuambia umenenepa, amekubariki. Akikuambia umekonda, anakuhoji. Wanaume walinong'ona kwamba Telesphor ana miwaya, yaani ukimwi. Wanawake hawakunong'ona, walinijia mimi. Mara namnyima chakula, mara nina mtu wangu kazini, mara natuma hela zote kwetu. Siku moja kwenye jumuiya, baada ya sala, mama mmoja alifungasha wali na nyama kwenye kontena, akanipita mimi, akampa mume wangu mkononi. "Baba Jacky, beba, ule kwa siri." Wote wamesikia. Na Telesphor, mwanaume niliyemvulia viatu akiwa na homa, akapokea. Akasema asante.

Hapo ndipo damu iliponichemka, na mpaka leo haijatulia. Watu wana midomo, hilo nalijua, sikuzaliwa jana. Ila yeye alikuwa na neno moja tu la kusema, akalimeza, akaniacha nichafuliwe. Mama mkwe alinitumia ujumbe wa sauti: "Placida, kama mwanangu amekuchosha, mrudishe nimlishe mwenyewe." Niliuweka kwa sauti ya juu mezani. Telesphor aliusikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwagilia maua.

Kisha akaanza visa. Kanisani anavaa masweta mawili ndani ya koti la suti, mwezi wa Julai. Mama yake akipiga kwa video, anapachika mto wa kochi tumboni. Binti yetu Jacqueline ndiye aliyenifungua macho. Ana miaka kumi na sita, Kiswahili anasikia chote ila hajibu hata ukimfinya. "Mum, Dad's got a cushion up his jumper again," alisema. Alikuwa anacheka, halafu aliponiona uso akaacha.

Lakini jukwaani kwa Kailash huwezi kupanda na mto. Utaratibu ni kwamba bingwa wa mwaka jana naye anavua, anamvisha mkanda bingwa mpya, kifua wazi wote wawili. Na kulikuwa na Albert. Albert ni rafiki yake wa siku nyingi, anaendesha gari la kusambaza mizigo, anaishi peke yake Barking, na mara zote tatu alishika nafasi ya pili. Aliandika kwenye grupu la WhatsApp: "Bingwa amejificha. Ametafunwa na nini?" Akaweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, kumi na moja. Nilivihesabu.

Wiki mbili kabla ya shindano nikaona Telesphor anakunywa maji kupita kiasi na kuamka chooni mara nne. Nikafungua buti la gari. Maboksi ya kuku wa kukaanga, chupa za soda, mifuko ya chipsi. Alikuwa anajaribu kukirudisha kitambi. Nikamkamata kidole, nikamchoma, nikaweka tone kwenye kipimo. Kumi na tisa nukta nne, zaidi ya mara mbili ya kawaida.

"Unataka kufa kwa ajili ya mkanda wa Kailash?"

"Siyo mkanda, Mama Jacky. Ni watu."

"Watu gani? Nitajie."

Akafuta damu ya kidoleni.

"Jumatatu ya shindano utapanda useme una nini," nikamwambia. "Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Ukisema, nimekwisha."

"Usiposema pia umekwisha, na mapema zaidi. Tofauti ni kwamba nitazika mtu aliyeniacha nitukanwe."

Tangu hapo hatukuongea mpaka siku yenyewe, zaidi ya chumvi iko wapi na funguo nani anazo. Chakula nilimpimia, akala alichopimiwa.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Kailash alivaa koti la suti na tai, chini bukta, na watu wakamshangilia kwa miguu yake tu. Washindani walikuwa watano. Albert alipotokea, ukumbi mzima ulisimama. Alikuwa amenenepa kuliko mwaka jana, ameng'aa mafuta, ana kofia ya mchezo wa gofu kichwani. Alipoketi, chupa ilitulia juu ya tumbo lake mpaka bia ikanywewa kwa mrija na yeye hajatikisika. Majaji walimpa kumi, kumi, kumi.

"Na sasa," Kailash akaita, "bingwa wetu wa miaka mitatu, alete mkanda!"

Telesphor alipanda na sweta. Akalivua. Akavua shati. Akavua na fulana, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti. Ngozi ya tumbo ilikuwa imeshuka, imening'inia juu ya mkanda wa suruali kama mfuko wa unga uliomwagwa. Matiti yake nayo yalikuwa yamelala. Mimi ndiye ninayeuona mwili huo kila siku, na hata mimi sikuwahi kuuona chini ya taa zile.

Albert, kwenye kiti chake, akapaza sauti, "Jamani, Mama Jacky! Umemfanya nini kaka yetu?"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza. Yule mama wa kontena alikuwepo, akageuka kunitazama, anafuta machozi ya kicheko. Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima mdomoni, mengine ya Kihaya, na nilikuwa nakwenda kuyatoa yote.

Telesphor aliniona. Akachukua maiki kwa Kailash.

"Nina kisukari," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Kailash akampa ishara asogeze maiki, akasogeza. "Nina kisukari tangu Septemba. Mke wangu hajaninyima chakula. Amenipimia, kwa sababu mimi nilishindwa kujipimia. Mmemsema mwaka mzima. Mimi nilijua mnamsema uongo, nikakaa kimya, kwa sababu nilitaka mniite bingwa." Akashika ngozi ya tumbo lake kwa mkono mmoja, akaiinua, akaiachia. "Hiki ndicho kilichobaki. Kama kuna wa kucheka, amalizie."

Hakuna aliyemalizia. Hawakupiga makofi pia, hayo ni mambo ya sinema. Kisha Kailash, ambaye hajui kuvumilia ukimya, akawasha muziki, Telesphor akamfunga Albert mkanda, na ikabidi waongezee kamba nyuma kwa sababu haukumtosha. Yule mama alikuja kuniokotea kiti. "Mama Jacky, sisi hatukujua," alisema. Nikamwambia hawakuuliza pia. Akaondoka.

Telesphor alikaa kaunta, nami nikakaa mezani kwangu. Labda mnadhani nililia nikamkumbatia. Sikulia. Mwaka mzima ni siku nyingi, na yeye alikuwa ametumia dakika moja. Nilikuwa nimekaa hivyo, mikono nimeikunja, Albert akaja na mkanda wake akavuta kiti. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Shem, nina swali. Ila liwe letu wawili."

"Sema."

Alishusha sauti mpaka nikalazimika kuinama. "Mguu wa kulia hausikii. Wiki ya tatu sasa. Nakanyaga, sijui kama nimekanyaga. Na kuna harufu. Nilidhani ni kiatu, nikanunua kingine."

Huyu ndiye aliyeuliza nimemfanya nini mume wangu, hata saa moja haijapita, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Swali lake mwenyewe analileta kwa kunong'ona.

"Vua kiatu," nikamwambia.

"Hapa?"

"Umevua shati mbele ya watu mia, unaogopa soksi? Vua."

Akainama. Tumbo likagota kwenye mapaja na mkono ukaishia gotini. Akajaribu kupitia pembeni, mkanda ukamchoma mbavuni, akanyanyuka anahema. Jasho lilimtoka.

"Nyumbani unavaaje?"

"Natumbukiza tu, shem." Hakunitazama. "Vidole vyangu sijaviona tangu Krismasi ya mwaka juzi."

Sikujua kama Telesphor alikuwa anasikiliza. Nilimwona tu ameshafika, bado hajafunga vifungo vya shati. Hakuuliza kitu. Akapiga goti kwenye sakafu ya baa, akakunjika bila shida, akafungua kamba za kiatu cha Albert, akakivuta taratibu. Akavuta na soksi. Ilikuwa imegandia, akaitoa kidogo kidogo. Harufu ilinifikia kabla sijaangalia, nikaijua. Watu wa meza za jirani wakageuka. Kailash akazima muziki.

Albert alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili, anatazama darini.

"Kukoje huko?" aliuliza.

Telesphor alininyanyulia uso mimi kwanza. Kisha akamtazama yeye, na safari hii sauti yake ilifika mpaka kaunta.

"Kidole kimoja kimekufa, Albert. Vingine bado. Simama twende hospitali."