Soketi za Nyumbani kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipohamia kwenye nyumba yake mpya Unyambwa, nilitoka Kiomboi kwenda kumpongeza, nikiwa na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea. Tukiwa tunakunywa chai, nikamwona mtoto amechuchumaa ukutani, anachokonoa soketi kwa msumari. Nilimrukia, nikamvuta kwa nguvu hadi akalia.

"Usiogope, dada," mdogo wangu alisema bila hata kuinuka. "Hizo soketi zina vifuniko kwa ndani. Matundu hayafunguki mpaka yasukumwe yote kwa pamoja na plagi."

Nilipaswa kushukuru, lakini wivu ulinikaba. Kwangu soketi nimezibandika plasta, na nyingine nimezisukumia kabati. Yeye hata mtoto hajapata, ila ukuta wake tayari unalinda watoto.

"Vitu vya siku hizi havidumu," nikamwambia. Akaniongezea chai.

Jioni nilipofika nyumbani, mume wangu aliuliza nyumba ya shemeji yake ikoje.

"Ya kawaida tu," nikasema, huku nikikandamiza plasta iliyoanza kubanduka.